Dhahabu ya Geita ina hati, mchimbaji wake hana

Mwanzoni mwa Novemba 2025, wajumbe wa mataifa mbalimbali walikusanyika katika mji wa Geneva, Uswisi, kwa mkutano wa sita wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata. Huo ni mkataba wa dunia kuhusu zebaki. Umechukua jina la mji wa Minamata nchini Japani, ambako maradhi yaliyosababishwa na zebaki iliyotiririshwa baharini na kiwanda yalitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani kuwa hilo ni jambo la wataalamu peke yao. Ama msomaji wa Rwamagasa, Nyarugusu ya Geita, Kakola au Mwime, huyo hahitaji kuelezwa. Zebaki anaijua kwa macho na kwa mikono yake. Ndiyo inayokamata chembe za dhahabu ndani ya karai, na ndiyo inayochomwa jioni, pengine jikoni, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Mkataba huo umetaja bayana matendo manne ambayo nchi zinatakiwa kuyakomesha katika uchimbaji mdogo: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kuuchoma katika makazi ya watu, na kuchenjua kwa sayanaidi marudio ambayo bado yana zebaki. Rwamagasa penyewe palikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofanyiwa uchunguzi na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hata hivyo, ndugu msomaji, swali letu la Ijumaa ya leo si la kemia. Swali ni hili: mambo ya jiko la mama wa Nyarugusu yanapojadiliwa Geneva, je, mama huyo, au mwanawe aliyesoma, au katibu wa kikundi chake cha uchimbaji, angeweza kufika huko iwapo angealikwa? Tujibu kwa ukweli. Wengi wasingeweza, na kikwazo cha kwanza kisingekuwa nauli, kwani mara nyingi anayealika ndiye anayelipa. Kikwazo kingekuwa karatasi.

Mali ina hati, mtu hana

Tuanze na mali. Tangu mwaka 2003, almasi ghafi inayochimbwa Mwadui, wilayani Kishapu, haiuzwi nje ya nchi ila iwe na cheti cha Mpango wa Kimberley. Mpango huo uliundwa ili kuzuia almasi zilizokuwa zikigharamia vita katika nchi kama Angola na Sierra Leone zisichanganyike na almasi halali. Jiwe lisiloweza kuonyesha lilikotoka linakataliwa mlangoni.

Dhahabu nayo imepata utaratibu wake. Mnamo Machi 2019 lilizinduliwa soko la madini mjini Geita, na baadaye masoko ya aina hiyo yakafunguliwa kwingineko. Hapo dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa, hulipiwa mrabaha na kuandikwa, na mwenye kutaka kuisafirisha nje ya nchi hutakiwa kuwa na kibali. Kwa hiyo gramu tano za dhahabu zikitoka duarani Jumatatu, kufikia Alhamisi zinaweza kuwa na kumbukumbu yenye tarehe, uzito, thamani na jina la mnunuzi.

Sasa tumtazame aliyezitoa ardhini. Huenda alizaliwa nyumbani, kwa mkunga wa kijiji, katika miaka ambayo watoto wengi wa nchi yetu hawakuandikishwa kabisa. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa. Jina aliloandikishwa shuleni silo aliloitwa madrasa, na huko machimboni ana jina la tatu alilopewa na wenzake. Amehama kutoka rashi moja hadi nyingine kwa miaka kumi na tano, na serikali ya mtaa anakolala leo haimfahamu baba yake. Mtu huyu ni raia halali wa nchi hii, hapana shaka. Lakini akitakiwa kuthibitisha kwa maandishi, hana cha kuonyesha.

Wala tusidhani kwamba upungufu huu humdhuru yule anayetaka kusafiri peke yake. Mwezi Septemba 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji wasio na vibali, mikoa iliyoguswa ilikuwa Kagera, Kigoma na Geita. Wakati kama huo mwananchi asiye na cheti wala kitambulisho hujikuta akitegemea ushahidi wa majirani ili abaki katika nchi aliyozaliwa. Karatasi inayomfikisha mtu Geneva ndiyo hiyo hiyo inayomlinda akiwa Katoro.

Mnyororo wa karatasi

Pasipoti ni mwisho wa mnyororo mrefu ambao pete yake ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mwombaji wa pasipoti hutakiwa kuwa na cheti hicho pamoja na uthibitisho wa uraia wa mzazi wake, nao ni cheti cha kuzaliwa cha mzazi au hati ya kiapo. Hutakiwa vilevile kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA. Kisha huulizwa ushahidi wa safari, na kwa mtu anayekwenda mkutanoni ushahidi huo ni barua ya mwaliko.

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 31, 2018. Ada yake ya kawaida iliwekwa kuwa shilingi 150,000 na muda wake ni miaka kumi. Maombi huanzia katika mtandao, kisha mwombaji hufika mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji kwa ajili ya picha na alama za vidole. Kwa wakazi wa Geita huu ni unafuu ukilinganisha na zamani. Kabla ya mwaka 2012 Geita haikuwa mkoa; ilikuwa wilaya ya Mwanza, na shughuli za mkoa zilifuatwa ng'ambo ya maji kwa kivuko cha Busisi. Leo mkoa una ofisi zake, na tangu Juni 2025 hata anayekwenda Mwanza hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko.

Palipo na ugumu ni katika mpangilio wa mambo haya. Barua ya mwaliko hufika kwanza, mara nyingi miezi miwili au mitatu kabla ya mkutano. Pasipoti husubiri mwaliko. Viza husubiri pasipoti. Mkutano wenyewe haumsubiri mtu. Aliye na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa anaweza kukimbizana na muda huo na akafaulu. Anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku alipopokea mwaliko, huyo ameshachelewa kwa miaka thelathini.

Ni haki kusema kwamba masharti haya yana sababu. Nchi inayotoa pasipoti ovyo hupoteza heshima mipakani, na raia wake wema ndio wanaolipia. Aidha, mabinti wetu waliopelekwa ng'ambo na mawakala kwa ahadi za kazi, kisha wakanyang'anywa hati zao, ni ushahidi kwamba kuulizwa "unakwenda wapi na kwa nani" si dhuluma. Hata hivyo, ni haki pia kuuliza kama mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, anayelipa mrabaha na kuongoza kikundi kilichosajiliwa, anapaswa kusubiri barua ya mgeni ndipo aonekane ana sababu ya kuwa na pasipoti. Viongozi wa wachimbaji wangefanya vema kulipeleka jambo hili katika ofisi za Uhamiaji za mikoa yao, na kuuliza kwa adabu ni ushahidi gani wa shughuli zao unaokubalika kabla ya mwaliko kuja.

Maana pasipoti yenyewe, hata bila viza, hufungua milango mingi. Kwa nchi nyingi za jirani haihitajiki viza kabisa, na kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki mtu aliyebanwa na muda anaweza hata kupewa hati ya dharura ya kusafiria. Afrika Kusini, ambako kila Februari hufanyika mjini Cape Town mkutano mkubwa wa madini wa bara letu, humpokea Mtanzania mwenye pasipoti kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka bila viza. Mchimbaji wa Geita mwenye pasipoti tayari kabatini anaweza kualikwa Cape Town leo na akaondoka wiki ijayo. Asiye nayo atasoma habari za mkutano huo gazetini.

Mlango wa pili

Tuje sasa kwenye viza. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini tangu mwaka 2008 imo katika utaratibu wa Schengen, ambao kwa viza moja mtu hupita katika nchi nyingi za Ulaya. Masharti yake yako wazi na yanafaa kujulikana na kila familia yenye kijana msomi au kiongozi wa kikundi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ya matibabu iwe ya kiasi kisichopungua yuro 30,000. Ada kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, ni yuro 90, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45.

Tupige hesabu. Mkutano wa Geneva ulifunguliwa Novemba 3, 2025. Aliyetaka kuwa salama angeweza kupeleka maombi yake tangu mwezi wa Mei. Aliyesubiri hadi Oktoba alijiweka mikononi mwa bahati. Na ikumbukwe kwamba mwombaji wa mara ya kwanza hufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Geita haina ubalozi, wala Shinyanga, wala Kahama. Safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja kwenda, na hizo hizo kurudi, kabla mtu hajaona hata bawa la ndege ya Ulaya.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kusajiliwa mkutanoni si kupewa viza. Waandaaji wa mikutano ya kimataifa huandika barua ya kuthibitisha kwamba mtu fulani amesajiliwa, na huishia hapo. Mwenye kuamua nani aingie ni nchi yenyewe, na afisa wake huuliza maswali matatu: unakwenda kufanya nini, nani atakugharamia, na nini kitakurudisha nyumbani?

Swali la tatu ndilo linalowaangusha watu wetu. Mfanyakazi wa ofisi huonyesha barua ya mwajiri na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Mchimbaji wa Kakola anaweza kuwa na mali kumshinda mfanyakazi huyo, lakini mali yake ni ng'ombe walioko kwa mjomba Ushetu, karasha linalosaga mawe, nyumba isiyo na hati, na fedha zinazoingia na kutoka mkononi. Afisa haoni ng'ombe. Yeye huona karatasi tupu, naye hufasiri utupu huo kuwa ni mtu asiye na kitu cha kurudia.

Kwa hiyo anayetarajia kualikwa siku moja na aanze leo kuipa mali yake maandishi: leseni ya uchimbaji kwa jina lake sahihi, namba ya mlipakodi, risiti za soko la madini, akaunti ya benki inayopitisha mapato halisi, hati ya kiwanja, cheti cha usajili wa kikundi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Hivi viwili vya mwisho si vya kudharau. Mtu mwenye mke na watoto wanaomsubiri, na maandishi yakathibitisha hivyo, amejibu swali la tatu kabla hajafungua kinywa.

Jina moja, mtu mmoja

Katika familia za Kiislamu za ukanda huu kuna jambo linalohitaji kutazamwa peke yake, nalo ni majina. Mtoto huitwa Abdurahmani msikitini, Abdulrahman katika cheti cha shule, na Abdu katika kadi ya mpiga kura. Mwingine ana jina la ukoo la Kisukuma analolitumia nyumbani na jina la Kiislamu analolitumia kwingine. Kwetu sisi wote ni mtu mmoja. Kwa mashine inayosoma pasipoti, hao ni watu watatu.

Dada zetu wana mtihani wa ziada. Katika desturi ya Kiislamu mwanamke aliyeolewa hubaki na jina la baba yake, wala hakuna sheria inayomlazimisha kulibadili. Lakini wengi huandikwa kwa jina la mume katika kikundi cha akiba au katika leseni, ilhali cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vina jina la baba. Siku barua ya mwaliko inapoletwa kwa jina la mume, haikubaliani na pasipoti, na mwenye nayo analazimika kueleza kwa mgeni mambo ya nyumbani kwake.

Hata mahali pa kuzaliwa pana utata wake. Mkoa wa Geita uliundwa Machi 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Bukombe ilitoka Shinyanga, Chato ilitoka Kagera. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Bukombe miaka ya 1980 anaweza kuwa na cheti kinachosema mkoa wa Shinyanga na hati nyingine inayosema mkoa wa Geita, na zote mbili zikawa kweli. Afisa wa Uhamiaji wa hapa nyumbani atalielewa hilo mara moja. Afisa wa ubalozi hana sababu ya kulijua, na ni wajibu wa mwombaji kulieleza kwa barua fupi iliyoambatishwa.

Kosa la tahajia hurekebishwa mapema kwa utaratibu wa kisheria, na jina lililobadilishwa huhitaji hati ya kiapo iliyosajiliwa. Kazi hiyo huchukua muda, na haifanyiki vizuri kwa mtu aliyeshika tiketi mkononi.

Pale hati zinapotimia na mlango ukabaki umefungwa

Tungekuwa tunamdanganya msomaji kama tungesema kwamba karatasi zikikamilika basi mlango hufunguka. Viza ni uamuzi wa dola, na dola zina siasa zake. Mwaka 1988 Marekani ilimnyima viza Yasser Arafat aliyetaka kuhutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York, ingawa mkataba wa mwaka 1947 baina ya Marekani na Umoja huo unaitaka nchi mwenyeji isiwazuie walioalikwa. Baraza likahamishia kikao chake Geneva mwezi Desemba mwaka huo ili kumsikiliza. Miaka 37 baadaye, Septemba 2025, Rais Mahmoud Abbas wa Palestina alinyimwa viza vilevile, na hotuba yake ikasikika kwa njia ya video.

Nasi hatukusalimika. Mwezi Januari 2020 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizozuiwa kushiriki bahati nasibu yake ya viza, kizuizi kilichoondolewa Januari 2021. Kisha Desemba 2025 likatiwa saini tangazo jingine lililoitaja Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi vya sehemu kuanzia Januari 1, 2026, vikiwamo vya viza za ziara na masomo. Mchimbaji mwadilifu wa Geita, asiyewahi kuvunja sheria ya mtu, anaweza kukataliwa kwa uamuzi uliofanywa bila yeye kujulikana.

Hili ni jambo la kulalamikiwa, na serikali zetu zina haki ya kulalamika. Waandaaji wa mikutano nao wana wajibu. Mkutano kuhusu zebaki ya wachimbaji wadogo ukifanyika mahali ambapo wachimbaji wadogo hawawezi kuingia, una kasoro tangu katika uteuzi wa ukumbi. Lakini malalamiko hayo hayatakuwa na nguvu ikiwa wengi wetu hatufiki hata kwenye dirisha la kukataliwa. Aliyekamilisha hati zake akanyimwa ana hoja, na kwa viza za Schengen hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa. Asiyekuwa na hati amejinyima mwenyewe.

Somo la Hudaibiya

Waislamu wanayo kumbukumbu ya msafara uliozuiwa. Mwaka wa sita wa Hijra, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka Madina na masahaba wapatao elfu moja na mia nne kwenda kufanya Umra. Walikuwa na wanyama wa kuchinja, alama iliyo wazi kwa kila Mwarabu kwamba safari ile ilikuwa ya ibada, si ya vita. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa na ushahidi wa safari. Pamoja na hayo walizuiwa Hudaibiya. Sayyidna Uthman (R.A.) akatumwa Makka kuzungumza, na mwisho wake ukaandikwa mkataba: warudi mwaka ule, waje mwaka unaofuata, wakae siku tatu, na panga zao ziwe alani.

Hatufananishi jambo tukufu na maombi ya viza. Tunachukua mafunzo. La kwanza ni la jina. Mjumbe wa Makureshi, Suhail bin Amr, alikataa mkataba usiandikwe kwa cheo cha Utume, na Mtume akaridhia liandikwe jina lake na la baba yake, Muhammad bin Abdillah. Haki yake haikupungua kwa hilo, na maandishi yakakamilika. La pili ni kwamba kuzuiwa mwaka ule hakukuwafanya waingie kwa hila. La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba mwaka wa saba walikwenda, wakakaa siku tatu walizoafikiana, na zilipotimia wakaondoka.

Katika fiqhi kuna mlango unaoitwa amani, yaani dhamana ya usalama anayopewa mgeni aingiapo katika nchi ya wengine. Siku ya kukombolewa Makka, Ummu Hani aliwapa hifadhi watu wawili, na Mtume (S.A.W.) akaithibitisha hifadhi ile. Wanazuoni wa zama zetu wameilinganisha viza na dhamana hiyo. Matokeo yake ni mazito: aliyeingia kwa dhamana amefungwa na masharti yake. Haifai kuingia kwa uongo, wala kukaa zaidi ya siku alizopewa, wala kusema anakwenda mkutanoni ilhali nia yake ni kutafuta kazi na kutoweka.

Tuseme wazi kwa sababu yanatokea. Mjumbe anayealikwa kwa siku tano, kisha akapotelea mjini, hamdhuru afisa aliyempa viza peke yake. Anaifunga njia ya kikundi chake chote, kwa kuwa mwaka ujao barua ya kikundi hicho itasomwa kwa macho mengine. Kadhalika vishoka wanaozunguka katika stendi na ofisi, wakiahidi cheti cha kuzaliwa kwa siku moja au taarifa ya benki ya kubuni, wanauza hasara. Hati ya bandia ikigunduliwa, jina la mwenyewe hubaki katika kumbukumbu kwa miaka, na sheria yetu ya pasipoti ya mwaka 2002 inaihesabu taarifa ya uongo kuwa kosa la jinai.

Kazi inaanzia nyumbani

Basi nini kifanyike? Kwanza, watoto waandikishwe. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Mpango wa serikali wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kufika Geita na Shinyanga, umeleta huduma hiyo karibu, katika vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Siku ya akika ni siku nzuri ya kukumbushana. Jina likishatamkwa, liandikwe siku hizo hizo, kwa tahajia moja, na nakala itunzwe mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua.

Pili, watu wazima wasio na vyeti waanze safari hiyo sasa, kupitia RITA na ofisi ya wilaya, kisha NIDA. Wazee wangali hai. Mzazi au shangazi anayeweza kutoa ushahidi wa kuzaliwa kwako leo huenda mwakani asiwepo, na ushahidi wake utazikwa naye.

Tatu, misikiti yetu ina makatibu na vijana waliosoma. Jumamosi moja katika mwezi, baada ya darsa, wakae na waumini wakague hati: jina la cheti, jina la kitambulisho, jina la leseni, jina la ndoa. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji meza, kalamu na mtu mwaminifu.

Nne, vikundi vya wachimbaji, wanawake wakiwamo, viteue mapema watu wawili watatu wa kuvisemea, na gharama za pasipoti zao zitoke katika mfuko wa kikundi. Kisha viiombe wizara inayohusika iwaingize watu hao katika ujumbe wa nchi. Ujumbe wa Tanzania unaozungumzia zebaki bila mtu aliyewahi kuishika umekwenda na nusu ya maarifa.

Mikutano ya kimataifa itaendelea, na maamuzi yake yatateremka hadi mialoni na makarashani, yawe yametushirikisha au hayakutushirikisha. Mtoto aliyezaliwa wiki hii Nyarugusu huenda ndiye mtaalamu atakayealikwa Geneva mwaka 2055. Iwapo atafika au hatafika, sehemu ya jibu inaandikwa wiki hii, na baba yake, katika ofisi ya kata.

Wabillahi tawfiq.